Kabla ya kujaza E10, tazama mipira ya mafuta

Ndugu zetu, gari la kwanza hapa Sydney mara nyingi ni la bei nafuu, na la bei nafuu mara nyingi ni kuukuu. Ukifika kituo cha mafuta, utaona E10 imepungua senti kadhaa kwa lita. Wengi tunaijaza bila kuuliza.

E10 ni petroli iliyochanganywa na ethanoli, yaani alkoholi, isiyozidi asilimia 10. Magari mengi ya miaka ya karibuni yanaikubali. Shida ni gari la zamani, hasa la kabla ya 1986 au lenye kabureta, na pia mashine ya kukatia nyasi.

Petroli hutoka kwenye tangi hadi kwenye injini kupitia mabomba ya chuma na mipira. Mipira ya zamani haikutengenezwa kwa ajili ya alkoholi. Ethanoli hupenya ndani yake, mpira ukavimba na kulainika, au baadaye ukakakamaa na kupasuka. Ukirudi kwenye petroli ya kawaida, ule uliovimba unaweza kunywea. Pale ulipobanwa kwa klipu panalegea, na petroli inaanza kudondoka karibu na injini ya moto. Baba mmoja ninayemhudumia, anayejipatia riziki kwa kukata nyasi, alinionyesha mpira wa mashine yake: ulikuwa laini kama bazoka iliyotafunwa.

Kambini tulifunga mpira unaovuja kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Mimi mwenyewe nilimshikia mjomba tochi akifanya hivyo kwenye pikipiki. Tafadhali usifanye hapa. Tyubu haivumilii petroli, na gari lenye injekta husukuma mafuta kwa nguvu kubwa kuliko kabureta. Mwambie fundi aweke mpira wa mafuta uliokusudiwa injekta, wenye maandishi SAE J30 R9 ubavuni. Gari lililozidi miaka mitano hukaguliwa kila mwaka ili kulipia usajili, na likivuja petroli halipiti.

Kujua kama gari lako linakubali E10, fungua kifuniko cha tangi usome kibandiko cha ndani, au tazama kitabu cha gari. Huna kitabu, muulize fundi, na wakati huohuo jaza petroli ya kawaida ya 91. Bei za vituo vya karibu utaziona kwenye FuelCheck, programu ya serikali ya NSW, bila malipo. Tena E10 huisha haraka kidogo, kama asilimia 3, kwa hiyo tofauti ya bei ikiwa ndogo huokoi chochote.

Ukisikia harufu ya petroli ukiwa barabarani, simama pembeni, zima injini, toa watoto kwanza, msogee mbali. Usifungue boneti ukiona moshi. Piga 000, omba zimamoto, kisha taja lugha yako ili upewe mkalimani.