Luton: Timu ya uchochoroni iliyopanda hadi Ligi Kuu, na deni letu kwa Bandari

Hebu nikuulize. Jumamosi ya Mei 27, 2023, jioni, ulikuwa wapi?

Kama wewe ni mtu wa mikeka unakumbuka vizuri, hata kama hutaki. Hiyo ndiyo siku Borussia Dortmund walihitaji tu kuifunga Mainz, tena nyumbani kwao, wawe mabingwa wa Ujerumani. Wakatoka sare 2-2. Bayern wakafunga dakika ya 89 kule Cologne, kombe likahama.

Mimi nilikuwa Kibokoni, hapa Mji wa Kale, kwenye chumba cha kutazamia mpira. Viti vya plastiki, feni moja inayozunguka kama inalipwa kwa saa. Dortmund nilikuwa nimemweka kwenye mkeka kama mtu wa uhakika. Filimbi ya mwisho ilipolia, jamaa walitoka nje wakitukana Kijerumani wasichokijua. Tukabaki sita.

Kijana wa rimoti akauliza, "Kuna Luton na Coventry, niweke ama nizime?"

Mzee mmoja wa kwenye kona, kikombe cha kahawa chungu mkononi, akasema, "Weka, mwanangu. Hao wote wawili wana njaa."

Nikwambie ukweli, mimi sikubaki kwa sababu ya Luton. Nilibaki kwa sababu sikutaka kwenda nyumbani. Wiki ile nilikuwa nimeacha chuo na mamangu alikuwa hajui. Semista ya tatu, karo haikutimia, na hata ingetimia nilikuwa nishachoka. Kila asubuhi nilikuwa natoka na begi mgongoni, nakaa Mama Ngina naangalia meli zikiingia, halafu narudi saa za kurudi mwanafunzi. Kwa hivyo penye kiti na giza, mimi nilikuwa nakaa.

Sasa kaa na wewe nikusimulie hii timu.

Waliangukaje?

Luton ni mji mdogo kaskazini mwa London. Watu wengi wanaujua kwa uwanja wa ndege tu. Lakini timu yao, iliyoanzishwa 1885, si ya jana. Mwaka 1988 waliifunga Arsenal 3-2 wakabeba Kombe la Ligi. Mwaka 1992 wakashuka daraja, msimu mmoja tu kabla ya Ligi Kuu ya sasa kuzaliwa. Yaani mlango ulifunguliwa wao wakiwa washatolewa nje.

Halafu mambo yakaharibika kabisa. Mwaka 2007 wakashuka kutoka Championship, ambayo ni daraja la pili. Mwaka 2008 wakashuka tena. Msimu wa 2008-09, wakiwa daraja la nne, wakakatwa pointi 30 kabla hata msimu haujashika kasi. Kumi kwa makosa ya malipo ya mawakala yaliyofanywa na uongozi uliopita, 20 kwa namna klabu ilivyotoka kwenye ufilisi.

Piga hesabu mwenyewe. Uwanjani msimu ule walivuna pointi 56. Hizo zinatosha kukaa katikati ya jedwali bila presha. Lakini toa 30, unabaki na 26, mkiani. Wakatolewa kwenye ligi nne za juu kabisa, wakatupwa daraja la tano, kule ambako televisheni hazifiki kirahisi. Na ajabu ni kwamba Aprili ya mwaka huo huo wa 2009 walikuwa Wembley, wakaifunga Scunthorpe 3-2 na kubeba kombe la timu za madaraja ya chini. Kombe mkono mmoja, barua ya kufukuzwa mkono wa pili.

Daraja la tano walikaa miaka mitano. Mitano, bana. Mara tatu walifika michujo ya kupanda, mara tatu wakatolewa: 2010 na York, 2011 kwa penalti na AFC Wimbledon, 2012 na York tena. Ni 2014 ndipo walipotoka, wakiwa mabingwa na pointi 101.

Lakini mashabiki hawakuhama. Kundi la mashabiki wenyewe ndilo lililokuwa limeinunua klabu 2008, ikiwa imefilisika, na hawakuiuza ilipoanguka.

Uwanja ulio nyuma ya nguo za kuanikwa

Kama umekulia Old Town, uwanja wa Luton utauelewa haraka kuliko Mwingereza wa mjini. Unaitwa Kenilworth Road, na wamecheza hapo tangu 1905. Umebanwa na nyumba za watu. Shabiki wa timu ngeni akija, anapita mtaa wa Oak Road, na lango lake limetobolewa katikati ya safu ya nyumba za watu. Unapita chini ya chumba cha mtu. Ukipanda ngazi za chuma kwenda kwenye kiti chako, chini unaona ua wa jirani, baiskeli ya mtoto, nguo kwenye kamba.

Ni kama vile unavyokata vichochoro kutoka Ndia Kuu. Unapita baraza za watu, unaitikia salamu, unainamia shuka lililoanikwa, halafu ghafla umetokea baharini. Wao wanatokea kwenye nyasi.

Msimu ule waliopanda, watu kama 10,000 tu ndio walioweza kuingia. Timu nyingine za Ligi Kuu zina maegesho makubwa kuliko hapo. Wachekaji walisema uwanja ule haufai. Lakini ndio uliokuwa wao, na hakuna aliyewahamisha.

Msimu wenyewe

Turudi 2022-23. Luton walikuwa washapanda 2018, wakapanda tena 2019, sasa wako Championship. Novemba 2022 kocha wao, Nathan Jones, akachukuliwa na Southampton ya Ligi Kuu. Katikati ya msimu, mtu aliyeijenga timu anaondoka. Wengi walidhani ndiyo basi.

Wakamleta Rob Edwards. Sasa sikiliza vituko. Edwards alikuwa amefutwa Septemba na Watford, ambao ndio mahasimu wakubwa wa Luton. Ni kama Gor Mahia wamchukue kocha aliyetimuliwa na AFC Leopards miezi miwili kabla. Mashabiki wangeweza kumzomea. Badala yake timu ikakaza. Carlton Morris akafunga mabao 20 ya ligi. Baada ya mechi 46 wakamaliza wa tatu, pointi 80, nyuma ya Burnley na Sheffield United.

Wa kwanza na wa pili hupanda moja kwa moja. Wa tatu hadi wa sita huingia mchujo. Nusu fainali Luton walipigwa 2-1 kwa Sunderland, wakarudi kwao, wakashinda 2-0. Mabao yote mawili yalifungwa na mabeki, Gabe Osho na nahodha Tom Lockyer.

Ndipo ikaja Wembley, na sisi sita pale Kibokoni. Kampuni ya Deloitte ilikadiria kwamba mshindi angepata angalau pauni milioni 170 kwa misimu mitatu. Mechi moja tu, bana.

Dakika za mwanzo kabisa, Lockyer akaanguka. Hakuguswa na mtu. Alianguka kama mtu aliyezimwa swichi. Chumba kikanyamaza. Mzee akaweka kikombe chini akasema, "Ya Rabbi." Wakambeba hospitali, baadaye ikajulikana ni mapigo ya moyo yaliyokosa mpangilio. Wenzake walilazimika kuendelea kucheza bila yeye.

Dakika ya 23 Jordan Clark akaifungia Luton. Mapumziko, wawili wetu wakakimbia kuswali Isha. Dakika ya 66 Gustavo Hamer akasawazisha. Muda wa ziada Luton wakafunga tena, bao likakataliwa na VAR, mpira ulishikwa. Penalti. Tano kwa tano, zote ndani. Luton wakapiga ya sita, ndani. Akaja Fankaty Dabo wa Coventry. Juu ya lango.

Sita kwa tano. Lockyer aliiona akiwa kitandani hospitali. Alipona, na ndiyo habari bora ya usiku ule.

Mtu mmoja, madaraja yote

Kwenye zile shangwe kulikuwa na jamaa mmoja, Pelly-Ruddock Mpanzu. Ni mzaliwa wa London mwenye asili ya Kongo. Alifika Luton mwishoni mwa 2013 akitoka West Ham, ambako hakupata nafasi. Aliikuta Luton daraja la tano. Alicheza daraja la tano, la nne, la tatu, la pili, na Ligi Kuu akaingia nayo. Hakuna mchezaji mwingine aliyewahi kufanya hivyo na klabu moja kabla yake.

Mtangazaji alipolisema hilo, mzee akacheka. "Huyo hakupanda," akasema. "Huyo alibaki tu, daraja ndizo zilizopita chini yake."

Maneno hayo nilitoka nayo mpaka nyumbani. Usiku ule nikamwambia mamangu. Siku mbili hakunisemesha. Ya tatu akanambia, "Basi kesho uamke saa kumi na moja, unisaidie mahamri." Nikaamka. Mpaka leo asubuhi nauza mahamri na viazi karai, mchana naandika. Chuo sijarudi, na sitakudanganya kwamba najua nitarudi lini. Hii ndiyo daraja yangu ya tano.

Na sisi je?

Unajua kwamba sisi pia tuna msimu kama huo? Mwaka 2011 Mombasa ilikuwa na timu mbili kwenye Ligi Kuu ya Kenya, Bandari na Congo United. Msimu ulipoisha zote mbili zikashuka. Angalia orodha ya 2012: timu 16, Mombasa hakuna hata moja. Mji ambao Feisal yake ilikuwa bingwa wa Kenya 1965.

Mwaka ule wa 2012 Bandari wakacheza daraja la chini, na wakapanda. Congo hawakurudi nao. Mimi nilikuwa darasa la nne, nilikuwa najua kikosi kizima cha Chelsea lakini sikujua kwamba timu ya mji wangu inapigania kurudi.

Tizama kilichofuata. Mwaka 2015 Bandari wakabeba GOtv Shield. Mwaka 2018 wakamaliza wa pili kwenye ligi, na msimu wa 2018-19 wa pili tena. Januari 2019 wakaenda Dar es Salaam wakaitoa Simba, 2-1, nusu fainali ya SportPesa Cup. Mwaka huo huo wakabeba Shield mara nyingine na kuingia Kombe la Shirikisho Afrika.

Lakini mechi za "nyumbani" za Afrika walizichezea Kasarani, Nairobi, karibu kilomita 500 kutoka Mbaraki. Uwanja wa Mombasa ulifungwa 2018 ili ujengwe upya, na miaka ikapita kazi haijaisha. Luton walipopanda na uwanja wao mdogo, walitumia mamilioni kuurekebisha, mechi ya kwanza ya nyumbani ikaahirishwa, lakini Septemba 1 West Ham walikuja na kupita Oak Road kama kila mtu.

Viongozi wana lao la kujibu. Sisi nasi tuna letu. Mara ya kwanza nilipokwenda Mbaraki kuwatazama Bandari nilichagua kiti. Nilikaa nilipotaka, nikanyoosha na miguu. Siku hiyo hiyo jioni, kile chumba cha Kibokoni kilijaa mpaka mlangoni, tukimtazama mtu wa Manchester asiyejua Likoni iko wapi.

Baada ya kupanda

Nisikufiche mwisho wa hadithi. Luton walikaa Ligi Kuu msimu mmoja tu. Walimaliza wa 18 na pointi 26, idadi ile ile iliyowatoa 2009. Mwaka uliofuata, Mei 2025, wakashuka tena, sasa daraja la tatu.

Wapo waliosema basi ilikuwa kazi bure. Mimi naona wale watu walishaona mabaya zaidi wakiwa kwenye viti vile vile. Watu wa aina hiyo ndio waliowapandisha, na kama watapanda tena itakuwa kwa sababu yao.

Sasa wewe. Ukiwa Old Town, tuktuk hadi Mbaraki si safari. Bandari wakicheza nyumbani, njoo. Hata wakifungwa, njoo na mechi inayofuata. Mimi utanipata upande wenye kivuli, na mahamri ya mamangu kwenye mfuko. La kwanza nakupa bure.