Kigugumizi: Umbo, Maana na Matumizi
Nomino kigugumizi imenyambuliwa kutokana na kitenzi gugumiza, kwa kiambishi awali ki- na kiambishi tamati -i. Silabi gu inayojirudia katika shina inaakisi usemi unaokwama na kuanza upya. Katika mazungumzo, mara nyingi maana hubainishwa na kitenzi kinachoandamana na nomino hiyo. “Ana kigugumizi” hutaja hali ya kudumu ya usemi. “Amepata kigugumizi” kwa kawaida hudokeza kusita, hususani kwa kiongozi anayekwepa jibu. Matumizi haya ya pili ni sitiari yenye athari: huhusisha ukwamaji wa ulimi na ukosefu wa ujasiri au ukweli, ilhali mwenye kigugumizi hujua barabara anachotaka kusema. Kamusi haina budi kuzitenganisha maana hizo mbili.