Jiwe Lenye Umbo la Yai

Mkulima wa Busawe akilima na kukuta jiwe lenye umbo la yai, ni rahisi kutangaza kwamba amepata kisukuku, yaani mabaki ya kiumbe yaliyogeuka jiwe. Lakini umbo hudanganya. Maji ya mto hulainisha jiwe lolote likafanana na yai. Na itale, iliyo nyingi mkoani Mara, ilitokana na uji wa moto chini ya ardhi. Humo usitegemee mabaki ya kiumbe.

Tafuta alama: vitundu kama vya ndani ya mfupa uliovunjika, au mistari ya gamba la konokono inayojirudia kwa mpangilio. Ukiziona, usilipasue wala kulihamisha, maana mahali lilipolala ni sehemu ya ushahidi. Toa taarifa kwa serikali ya kijiji.

Tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey aliona mfupa umechomoza ardhini kule Oldupai. Hakuung'oa. Yeye na mumewe, Louis, walisubiri mpiga picha afike, ndipo wakachimbua fuvu la Zinjanthropus.

Tomaso alipotaka kuona na kugusa majeraha, Bwana hakumfukuza. Alimwonesha mikono yake. Imani ya kweli haiogopi kupimwa. Je, unabii tunaoushangilia na maneno tunayosikia juu ya jirani tunayapima, au tunaridhika na umbo?

Wiki hii, kabla hujapitisha habari ya mtu, igeuze kama jiwe uitazame pande zote. Jumapili njema.