Uhandisi Thamani: Kitenzi, Nomino na Gharama ya Kitu

Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Moi kilinunua kiwanda cha nguo cha Rivatex mjini Eldoret, kiwanda kilichoasisiwa miaka ya 1970 na kuporomoka baada ya soko kufunguliwa na mitumba kufurika. Kwa ununuzi huo, darasa na kiwanda vikawa na mwenyewe mmoja. Aghalabu ndoa ya namna hii huelezwa kwa upande wa wahandisi na wanauchumi, wanaisimu hawaalikwi. Hata hivyo, ipo taaluma moja ya viwandani ambayo mhimili wake ni sentensi fupi ya kitenzi na nomino. Taaluma hiyo ni uhandisi thamani.

Ilichipuka nchini Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, katika kampuni ya General Electric. Vita vilikuwa vimemeza malighafi, na maafisa wa ununuzi wakawa wanaambulia patupu. Mhandisi Lawrence D. Miles, mmoja wao, alibadili swali. Badala ya kuuliza kitu fulani kitapatikana wapi, aliuliza kitu hicho hufanya nini, na ni kipi kingine kiwezacho kufanya hivyo. Ikabainika kwamba mara nyingi kibadala kilikuwa cha bei nafuu, na pengine bora zaidi. Mwaka 1947 utaratibu huo ulirasimishwa kwa jina la uchanganuzi wa thamani. Mwaka 1954 Jeshi la Majini la Marekani liliuchukua na kuuita uhandisi thamani.

Kisa mashuhuri cha mwanzo ni cha asbesto. Kiwandani palihitajika matandiko yasiyoshika moto ya kupokea matone ya rangi, na asbesto ilikuwa adimu. Muuzaji mmoja aliuliza inatakiwa kwa kazi gani, kisha akaleta karatasi isiyowaka, iliyopatikana kwa urahisi na kwa gharama ndogo. Kamati ya usalama iliikataa kwanza, kwa kuwa kanuni ilisema asbesto. Kanuni ilitaja kitu, haikutaja kazi, ilibidi irekebishwe. (Asbesto hudhuru mapafu, kwa hiyo faida ya badiliko hilo ilizidi ile iliyohesabiwa.)

Kutokana na visa kama hivyo, Miles alishikilia kwamba dhima ya kitu itajwe kwa maneno mawili tu. Waya: kupitisha umeme. Taa: kutoa mwanga. Sharti hili laonekana jepesi hadi mtu alijaribu. Akiandika "kuzima moto", fikira zitakwenda kwenye maji na mchanga. Akiandika "kuzuia moto", zitakwenda kwenye kitu kisichowaka. Kitenzi kimoja kimebadilika, na bajeti nzima imebadilika nacho.

Kiswahili kina mtaji mkubwa hapa. Kifuniko, kizibo, chujio na ufunguo ni nomino zilizonyambuliwa kutokana na vitenzi. Anayeviagiza amekwisha kutaja kazi yake. Vivyo hivyo kauli ya kutendea: maji ni ya kunywa, kikombe ni cha kunywea. Skrubu na nati, kwa upande mwingine, ziliingia lugha zikiwa na majina matupu, na fundi hulazimika kuuliza zafanya nini.

Mfano wa karibu ni jiko la kauri, lililobuniwa nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kuliiga jiko la ndoo la Thailand. Jiko hilo la kigeni lilikuwa na udongo ndani ya ndoo nzima. Lile la Kenya likapewa kiuno chembamba, na kauri ikawekwa nusu ya juu tu, palipo na makaa. Dhima ya kauri ni kuhifadhi joto. Nusu ya chini hupokea majivu, nayo majivu hayahitaji kuhifadhiwa joto. Uzito ukapungua, na mafundi wa jua kali wakaweza kulifua kwa nyundo zao za kawaida.

Uhaba ulirudia somo hilo mwaka 2020, barakoa za hospitali zilipoadimika na Rivatex ikageukia kushona za kitambaa. Neno lenyewe lilipitia njia iyo hiyo: barakoa, iliyojulikana pwani kama vazi la kusitiri uso wa mwanamke, ilipewa kazi ya kuzuia matone.

Tatizo huzuka pale "thamani" inaposomwa kama "bei". Kwa hesabu ya Miles, thamani ni uwiano wa dhima na gharama. Mkandarasi anayepunguza saruji hadi ukuta ushindwe kubeba paa amepunguza gharama na dhima pamoja. Huo si uhandisi thamani, japo hati ya zabuni inaweza kuupamba kwa jina hilo.

Ndiyo maana uteuzi wa istilahi si anasa. "Dhima" imezoeleka katika uhakiki wa fasihi, na "uamilifu" katika isimu. Mfua majiko akiulizwa kuhusu uamilifu wa kauri, huenda akamtazama tu muulizaji. Akiulizwa, "Hii kauri inafanya kazi gani?" atajibu kabla hajaweka nyundo chini.