Pengo Tupu Ukurasani Lina Mwenyewe

Mhariri anachapisha habari, anaifungua kwenye simu yake, anakuta pengo jeupe la vidole viwili kati ya aya ya pili na ya tatu. Anarudi kwenye mfumo, anapekua, haoni cha kufuta. Anampigia fundi. Fundi mwenye haraka huandika mstari mmoja wa CSS, lugha ya kupanga sura ya ukurasa, unaoamuru kila aya tupu ifichwe, kisha husema kazi imekwisha. Mara nyingi pengo halisogei hata kidogo.

Tuchukue WordPress, mfumo wa kusimamia maudhui unaoendesha tovuti nyingi kuliko mwingine wowote. Tangu toleo la 5.0, lililotoka Desemba 2018, ukurasa wake hujengwa kwa bloku: aya ni bloku, picha ni bloku, kichwa kidogo nacho ni bloku. Kila moja huhifadhiwa kwenye hifadhidata ikiwa na alama ambazo msomaji hazioni, za kuueleza mfumo bloku inaanzia wapi na inaishia wapi. Kwa hiyo hata bloku isiyo na neno lolote ni kitu kilichopo, na kuna aliyekiweka.

Aya ambayo kweli haina kitu kwa kawaida haileti pengo. Kivinjari kinapopanga aya kutoka juu kwenda chini, nafasi za juu na chini za aya tupu humezwa na zile za jirani zake, ikawa kama haipo. Kinacholeta pengo ni aya inayoonekana tupu ilhali ndani yake kuna herufi: nafasi isiyokatika, ambayo mara nyingi huingia mtu anapobandika maandishi kutoka Word au barua pepe. Machoni ni hewa tu, lakini kivinjari huihesabu kama herufi nyingine yoyote na kuipa mstari wake mzima. Ile amri ya kuficha aya tupu haiigusi, kwa kuwa kwa kanuni za CSS aya hiyo si tupu. Fundi wetu ameficha zisizo na kosa, akaiacha yenye kosa. Mambo hubadilika bloku zikipangwa kwa mtindo wa flex au gridi. Humo nafasi za juu na chini hazimezani, na hata aya tupu kabisa hudai sehemu yake kama mgeni aliyekuja bila mwaliko lakini kiti anataka.

Kabla ya kugusa msimbo, fungua orodha ya bloku iliyo juu ya kihariri. Huonyesha bloku zote kwa mpangilio, na ile inayojificha kati ya aya mbili utaikuta pale, uifute. Usipoiona, huenda tatizo limekwisha na unachokiona kwenye simu, ambako hujaingia kwa akaunti yako, ni nakala ya zamani. Tovuti nyingi huhifadhi nakala za kurasa ili zifunguke haraka. Wewe uliyeingia kwa akaunti yako huonyeshwa ukurasa mpya, msomaji wa nje hupewa nakala. Hapo ndipo ubishi wa “mbona kwangu iko sawa” unapozaliwa. Futa nakala hizo kwanza, halafu uangalie ukiwa umetoka kwenye akaunti.

Pengo lingine halitokani na mwandishi. Ukurasa wa mbele una kichwa “Habari za Mikoani”, na chini yake hakuna kitu. Bloku inayovuta habari imeambiwa itafute kundi fulani. Kundi likafutwa, au habari zake zote zikarudishwa kuwa rasimu. Mfumo umetafuta, haukupata, ukanyamaza. WordPress ina bloku maalumu, inayowekwa ndani ya ile ya kuvuta habari, ya kusema neno pale matokeo yanapokosekana. Itumie. Ila kichwa kilichowekwa nje ya bloku ya kuvuta habari kitabaki hata habari zikiisha, na kuna wanaoumia zaidi kwa kichwa cha namna hiyo: wasioona, wanaotumia programu ya kusoma skrini, huruka kutoka kichwa hadi kichwa ili kujua ukurasa una nini. Hiki huwafikisha mahali pasipo na kitu.

Programu-jalizi iliyozimwa nayo huacha alama. Bloku zake zilizokuwa zikitengenezwa na seva kila ukurasa unapofunguliwa hutoweka, na zile zilizohifadhiwa kama HTML hubaki bila mapambo. Ukishuku programu-jalizi, usizizime zote mchana wasomaji wakiwamo. Ipo iitwayo Health Check & Troubleshooting, ambayo hukuzimia wewe peke yako huku wengine wakiendelea kuona tovuti kamili.

Kihariri kikikuonya kwamba bloku ina maudhui kisiyoyatarajia, maana yake HTML iliyohifadhiwa hailingani na ile ambayo kihariri kingeandika chenyewe. Kitakupa kitufe cha kuirekebisha. Mimi sikibonyezi kabla ya kulinganisha ya zamani na mpya, kwa sababu ukarabati huo unaweza kufuta kilichoandikwa kwa mkono.

Safu ya pembeni ikiporomoka hadi chini ya ukurasa, shuku kwanza lebo ya div iliyofunguliwa au kufungwa isivyo, hasa ndani ya bloku ya HTML ambamo mtu alibandika tangazo. Maandishi yakirukaruka ukurasa unapofunguka, tazama picha zisizotajwa upana na urefu wake.

Na kwa tovuti za Kiswahili kuna tatizo moja zaidi. Mandhari nyingi tunazonunua, yaani sura za tovuti zilizotengenezwa tayari, zimepimwa kwa Kiingereza, vitufe vikakadiriwa kwa maneno mafupi. Ukiweka “Tuwasilishie malalamiko yako”, maandishi hutoka nje ya kitufe au menyu hukatika mistari miwili kwenye simu. Kabla hujamlipa fundi, mwambie ajaze mandhari hiyo maneno yenu halisi, aifungue kwenye simu ndogo, na akuonyeshe.