Vidole vyacheza, kumbe neva imekatika

Mwaka juzi mpwa wangu, fundi wa madirisha hapa Mombasa, aliangukiwa na kioo kikamchana upande wa ndani wa kisugudi. Hospitalini akaambiwa, "Tanua vidole." Akavitanua. Akashonwa ngozi na kurudishwa nyumbani, huku akilalamika kwamba kidole chake cha mwisho kimekufa ganzi. Sote tukamwambia avumilie, jeraha bado bichi.

Miezi minne ikapita, ganzi iko pale pale. Daktari mwingine akampima neva kwa umeme, kisha akatueleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia.

Neva mbili zahusika hapa. Alna hupita nyuma ya kisugudi. Ndiyo inayotutia shoti tukijigonga mlangoni. Hubeba hisi za kidole cha mwisho na kuendesha misuli mingi midogo ya kiganja, pamoja na ile ya kutanua vidole. Mediani nayo hushuka katikati ya mkono. Vitabuni kila moja ina njia yake. Lakini kwa takriban mtu 1 kati ya 5, baadhi ya nyuzi huteremka na mediani, kisha chini ya kisugudi zikavuka kuingia alna. Roland Martin wa Uswidi aliliandika jambo hili mwaka 1763, na Wenzel Gruber akalieleza tena mwaka 1870. Hadi leo kiungo hicho chaitwa kwa majina yao.

Si ugonjwa, na wengi hufa bila kujua wanacho. Taabu huja siku ya jeraha. Alna ya mpwa wangu ilikatika kisugudini, lakini amri ya kutanua vidole ilipita kwa mediani, ikavukia chini ya jeraha. Nyuzi zinazovuka huwa za misuli, si za hisi. Kwa hivyo kidole chenye ganzi ndicho kilichokuwa kikisema kweli.

Neva ilishonwa, ila neva huota kama milimita 1 kwa siku, na kuchelewa kuna gharama yake. Hisi zimerudi kiasi tu.

Basi ndugu zangu, ukikatwa na kioo, panga au bati, usiridhike kwa kuchezesha vidole. Omba uguswe ncha ya kila kidole ukiwa umefumba macho, ulinganishe na mkono wa pili. Ganzi ikibaki, rudi hospitali. Nasi jamaa tusiwe wepesi wa kusema "vumilia".