Ukumbini penye soul na ushairi, hadhira haikai kimya

Katika majibu ya mtihani wa fasihi simulizi, wanafunzi wetu huandika sentensi moja kana kwamba wamenakiliana: hadhira ya fasihi simulizi ni hai na hushiriki katika utendaji. Mwalimu hutia alama ya vyema, na mambo yakaishia hapo. Lakini mwulize mwanafunzi huyo ni lini yeye mwenyewe alikuwa sehemu ya hadhira ya namna hiyo, na aghalabu atakosa la kusema. Ndiyo maana vijana wanaponiuliza kama inafaa kuhudhuria tamasha la muziki wa neo-soul na mashairi ya kughaniwa jukwaani, huwajibu: nendeni, ila mjue mnachokiendea.

Kwanza tuijue asili yake. Soul ni muziki wa Wamarekani Weusi uliochota pumzi yake kanisani na kutia fora katika miaka ya 1960 na 1970. Jina neo-soul, yaani soul mpya, lilienezwa mwishoni mwa miaka ya 1990 na Kedar Massenburg, mfanyabiashara wa muziki aliyewasimamia D'Angelo, aliyetoa albamu ya Brown Sugar mwaka 1995, na Erykah Badu, aliyetoa Baduizm mwaka 1997. Ushairi wa jukwaani nao una nasaba yake. The Last Poets walianza kughani kwa mdundo wa ngoma huko Harlem mwaka 1968. Nuyorican Poets Cafe ilianza New York mwaka 1973. Mashindano ya slam yakapata makao katika ukumbi wa Green Mill, Chicago, mwaka 1986, chini ya Marc Smith.

Mito hiyo miwili ilikutana vizuri zaidi katika mji wa Philadelphia. Jill Scott alijulikana huko kama malenga kabla ya kujulikana kama mwimbaji, na albamu yake ya kwanza, ya mwaka 2000, ilibeba katika jina lake maneno yenye maana ya ‘maneno na sauti’. Hapo ndipo penye siri ya tamasha la aina hii: neno na sauti havitengani.

Basi, ukiingia ukumbini utarajie nini? Utarajie bendi ndogo: ngoma, gitaa la besi, kinanda cha umeme chenye sauti laini, pengine na tarumbeta. Mdundo utakuwa kama unaochelewa kidogo. Usidhani mpigaji amelewa. Kuchelewa huko ni kwa makusudi, kama kunavyosikika katika Voodoo, albamu ya D'Angelo ya mwaka 2000. Wimbo wa dakika nne katika kanda unaweza kuchukua dakika kumi na tano jukwaani, kwa kuwa mwimbaji ataukatiza, azungumze, acheke, kisha aurudie. Baada yake atapanda mghani, naye atasema juu ya mapenzi, mama yake, nywele zake au ukatili wa polisi. Mwalimu anayepeleka wanafunzi ajue pia kwamba lugha kali haikosekani.

Utarajie, zaidi ya yote, kuguswa uitikie. Mstari ukikolea, watu huguna, hutaja neno la kuunga mkono, au hualisha vidole kwa kusugua gumba na kidole cha kati, ili wampongeze mghani bila kumfunika sauti. Mwanaisimu Geneva Smitherman, katika kitabu chake Talkin and Testifyin cha mwaka 1977, alichambua mtindo huu wa wito na mwitiko, na akaonyesha jinsi ulivyo nguzo ya mawasiliano ya Wamarekani Weusi, kanisani na nje ya kanisa. Usichanganye mwitiko na makelele. Mwitiko huingia katika kituo cha pumzi ambacho mghani amekiacha wazi. Gumzo la mezani huingia popote, nalo ni utovu wa adabu.

Katika slam, hata uhakimu hurudishwa kwa hadhira. Waamuzi watano huchaguliwa miongoni mwa wasikilizaji, hutoa alama kuanzia sufuri hadi kumi, kisha alama ya juu kabisa na ya chini kabisa huondolewa. Jambo lililonigusa zaidi katika utamaduni huu ni hili: mghani akisahau maneno yake, ukumbi humwalishia vidole mpaka ayakumbuke. Je, sisi hufanya nini darasani mtoto anaposahau ubeti? Hucheka. Mwalimu humkatiza na kumwita mwingine. Mtoto huyo hukaa chini akiwa ameamua kimoyomoyo kwamba ushairi si wake. Hasara hiyo haiandikwi katika ripoti yoyote ya shule.

Wapo wenzangu watakaosema kwamba haya si mashairi, kwa kuwa hayana vina wala mizani. Hoja hii ni ya kale. Tuliisikia walipotokea washairi wa mashairi huru miaka ya 1970. Mimi siishiki. Mghani hupima mstari wake kwa pumzi na kwa mkazo, nayo ni mizani ya namna yake. Wala kuitikiana si mgeni pwani yetu. Mashairi ya Muyaka wa Mombasa, katika karne ya 19, yalijibizana na ya wenzake, na katika taarabu mpaka leo msikilizaji aliyeguswa huinuka akatunza.

Nina lalamiko moja tu, na ni la kitaaluma. Tangu jarida la Kwani?, lililoanza mwaka 2003, liandae jioni za ushairi jijini Nairobi, wametokea vijana wengi wenye vipaji. Baadhi yao, hata hivyo, hughani Kiswahili kwa kiimbo cha Kimarekani. Kiingereza huviringisha silabi zisizo na mkazo na kuzimeza. Kiswahili huzipa karibu zote haki sawa, na kwa kawaida huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Sogeza mkazo, na ‘barabara’ ya kupitia magari inageuka ‘barabara’ yenye maana ya sawasawa. Anayeazima kiimbo cha Philadelphia kwa maneno ya Kiswahili huvunja ala aliyopewa na lugha yake. Tuazime ujasiri na adabu ya kuitikia, kiimbo tunacho.

Walimu wenzangu, si lazima kusubiri tamasha wala kiingilio. Tengeni kipindi kimoja kwa wiki, mwanafunzi asimame na shairi la Kiswahili, la vina au lisilo na vina, na darasa lifunzwe kumwitikia. Akisahau, asichekwe, aalishiwe vidole. Mtihani ukifika, ile sentensi ya hadhira hai ataiandika kwa kuwa ameiishi.